Nyota Tatu kwa Mkono wa Mama Emerance

Siku ya soko, tope la boulevard, barabara kuu ya mji, likiwa bado bichi, Mama Emerance alisimama juu ya ngazi mbele ya duka la dawa la Assani akiandika PHARMACIE kwa rangi ya kijani. Alipomaliza M, mkono wake wa kuume ukaacha kazi ya Assani na kuanza kuandika kadi ya harusi ya watu wa nchi nyingine. Uliandika majina ya bwana na bibi, ukachora ua dogo katikati, ukaongeza na saa ya karamu. Mama Emerance hakuuzuia, kwa kuwa alikwisha kujua kwamba kuuzuia ni kumwaga rangi bure. Alitazama pikipiki za kwenda Komanda zikipakia watu na kuku, akangoja.

Assani alitoka na kiti cha plastiki akaketi kando ya ngazi. Aliuliza harusi ni lini. Mama Emerance akasoma ukutani, akamwambia ni mwezi ujao, jioni. Assani akasema Mungu awabariki, ila wafutwe kabla hawajakauka, maana mtu anayekuja kununua dawa ya malaria hana nafasi ya karamu. Mkono uliporudi, Mama Emerance aliwafuta maharusi kwa kitambaa chenye petroli, akamalizia A, C, I na E.

Mjini walilizungumza jambo hilo kama wanavyouzungumza umeme: leo mkono upo, kesho haupo. Mwenye haraka alitafuta mchoraji mwingine. Asiye na haraka aliletewa kiti.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani mkono ule ulikuwa wa mwenyewe, na mji mzima uliuegemea. Vita vilipopoa, watu waliorudi Bunia walikuta kila kiwanja kina karatasi nyingi kuliko miti yake. Kila karatasi ilikuwa na muhuri, na kila muhuri ulikuwa wa kweli, kwa kuwa wenye mihuri nao walikuwa na watoto wa kulisha. Basi watu wakaziacha karatasi, wakahamia kwenye kuta. Ukikimbilia ng'ambo ya ziwa, ukienda kuchimba dhahabu Kilo, au ukienda tu kumuuguza shangazi Nia-Nia, ulimwita kwanza Mama Emerance akuandikie kwenye ukuta unaotazama barabara: PARCELLE HII HAIUZISHWI, yaani kiwanja hiki hakiuzwi.

Naye alikuwa na desturi yake. Aliandika mchana kweupe tu, na hakuchovya brashi mpaka majirani wa pande zote mbili watoke na kumshikia mkebe wa rangi, wa upande huu akianza, wa upande ule akimalizia. Jirani akikataa kushika mkebe, Mama Emerance alikunja ngazi akaenda zake, na mwenye kiwanja alibaki pale akijieleza kwa upepo. Ndiyo maana herufi zake ziliaminiwa. R yake ilikuwa na mguu mrefu uliotangulia mbele, kama wa mtu anayevuka mfereji, na ukiiona R ile kwenye ukuta ulijua kwamba majirani wamekwisha kuulizwa.

Alijua uzuri wa herufi zake na hakuuficha. Akipita mbele ya kazi ya mchoraji mwingine alikuwa akiharakisha hatua, na akiulizwa mbona, anasema kuna harufu. Watu walimvumilia. Fundi mwenye majivuno wanamjua. Wanayemwogopa ni fundi mnyenyekevu, kwa sababu huyo huharibu na kuomba radhi.

Lakini miaka ilivyopita watu wakawa wavivu. Waliacha kuuliza ni nani alishika mkebe. Waliitazama R, wakaridhika, wakaendelea na safari zao. Kosa hilo lilifanywa na mji mzima, wenye diploma mbele, na waliokuwa na afadhali ni wale wasiojua kusoma, kwani wao bado walilazimika kuuliza mtu.

Ndipo alipokuja Camille. Alikuwa mbunifu wa herufi kutoka Ulaya, mtu mpole, mwenye viatu vya kupandia milima ambavyo alivivaa kwenda kunywa chai. Alileta mradi uitwao Herufi za Upatanisho. Amani wakati huo ilikuwapo, hilo lazima lisemwe. Ilikuwa imeegeshwa kwenye njia panda pamoja na magari meupe ya askari wa kigeni, injini ikiwaka. Watu walisalimiana kwanza kwa jina la ukoo, wapate kujua kama waendelee na salamu au waishie hapo. Katika hali hiyo kila mgeni alikuja na mradi, na kila mradi ulikuja na semina, na kila semina ilifungwa kwa swali moja: mna maoni gani? Kama maoni yangekuwa mabati, Bunia isingekuwa na nyumba inayovuja.

Semina ya Camille ilifanyika katika ukumbi wa parokia, na mwongozaji wake alikuwa Fabrice. Fabrice alikuwa dalali wa nyumba na mjumbe wa kamati ya amani, kazi mbili ambazo alizifanya kwa simu moja. Camille alionyesha picha za kuta za Mama Emerance. Alisema herufi hizi zimelinda mji usiraruane, na kwamba kitu kizuri namna hii ni dhambi kukaa kwa mtu mmoja. Kiwe cha wote. Fabrice akasimama akauliza kama kuna mtu anayepinga amani. Hakuna mkono uliopanda. Akauliza nani anakubali, na mikono yote ikapanda, kwa sababu harufu ya sombe na samaki ilikuwa imekwisha kuingia dirishani, na huku kwetu hakuna aliyewahi kuchelewesha chakula cha semina kwa ajili ya msimamo. Wa Mama Emerance ulipanda juu kuliko yote. Alikuwa amesifiwa mbele ya watu, na alitaka aonekane.

"Tumupigie mama ban," akasema Fabrice.

Ukumbi ukapiga makofi yale ya mpangilio, matatu, matatu, na moja la kumalizia, ambayo bila hayo mkutano wa huku hauhesabiki kuwa umefanyika. Kila kofi lilimwondolea Mama Emerance uzito kidogo kwenye kiganja. Aliposhusha mkono ulikuwa mwepesi. Alidhani ni njaa, akaenda kula.

Camille alirudi kwao na picha zake, akazigeuza kuwa fonti, na fonti akaitia katika programu moja ya kompyuta. Programu yenyewe ni kama ghala. Wachapaji na wabunifu wa dunia nzima wanapanga humo herufi zao, wanawasha wanazozihitaji na kuzima wasizozihitaji, kompyuta isilemewe. Fonti ilipewa jina Amani ya Bunia. Kila mtu alipoiwasha, popote alipo, mkono wa Mama Emerance ulikwenda kumfanyia kazi. Alipoizima, ulirudi. Chini ya kila fonti kulikuwa na sehemu ya watumiaji kuandika maoni na kutoa nyota, kuanzia moja hadi tano.

Programu hiyo Camille alimtumia pia Yannick, ikiwa ndiyo shukrani kwa mji. Yannick alikuwa na duka la kuchapa na fotokopi kwenye boulevard. Wazazi wake walitoka Butembo na mashine, na mashine zilikuwa zimewazidi umri. Mchana, jenereta ikiwaka, Mama Emerance alikuja kuketi kando yake, naye Yannick alimsomea maoni ya watumiaji kwa Kiswahili.

Mmoja alisema herufi ni nzuri ila kila siku mchana zinasimama muda wa mtu kula na kunawa. Nyota tatu. Mwingine alisema Jumapili asubuhi mistari yote inapanda juu na haishuki mpaka ibada imalizike, ingawa yeye mwenyewe hana dini. Mwingine alichapa menyu ya mgahawa wake nayo ikanuka petroli. Mmoja alilalamika kwamba alilipia herufi za nchi yenye vita, naye amezikuta zimetulia. Alitarajia jeraha, akaomba arudishiwe pesa. Na wengine, wasiojuana, waliandika jambo moja: kila wakiandika neno nyumba, kwa lugha yoyote, herufi zinakuwa nzito na kuinama kushoto. Wenye programu walijibu kila mtu kwa maneno yaleyale. Asante kwa maoni yako. Maoni yako ni muhimu kwetu.

Mama Emerance hakukasirikia kuchukuliwa mkono kama alivyokasirikia kukosolewa. Kuna aliyesema mguu wa R umezidi.

"Muandikie huyo mutu," akamwambia Yannick. "Mwambie R yangu haina shida, shida iko mu macho yake."

Yannick aliandika. Huyo mtu alijibu kwa picha ya kidole gumba.

Angeweza kuishi hivyo. Wako watu wanaoishi na mume wa aina hiyo, anayeondoka bila kuaga na kurudi akinuka nyumba za wengine. Alijifunza kula upesi mchana, mkono unaporudi, na kusalimia watu kwa kuwapa kifundo cha mkono, kama mtu aliyekuwa anapara samaki. Kilichomtoa usingizi kilikuwa ukuta wa Madeleine.

Madeleine alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja. Siku waliyokimbia, yeye alivuka ziwa na watoto mpaka kambini Uganda, akaacha nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoijenga na mumewe kabla mumewe hajauawa. Hakuwa na kitu kingine duniani. Alimwambia Emerance maneno mawili tu: nichungie ukuta. Na Emerance aliuchunga. Kila mwaka masika yalipokwisha kula rangi, alienda na ngazi yake, akaita majirani, mkebe ukashikwa, akayarudishia maneno mpaka yang'ae. Mwaka wa fonti alienda, na alipomaliza neno la kwanza mkono ukaitwa kuandika tangazo la sabuni. Alienda tena, ukaitwa. Majirani walichoka kushika mkebe wakaurudisha chini. Ukuta ulibaki na PARCELLE inayong'aa, na mbele yake ukungu.

Fabrice alikuwa akipita hapo kila siku kwenda kamati ya amani. Aliyaona maneno yakififia kama mtu anavyoona ndizi zikiiva.

Alasiri moja Mama Emerance alikuwa uani akichekecha unga wa muhogo kwenye ungo. Mkono ukasimama, ukakunja vidole vitatu, na kwa kidole cha shahada ukaanza kuandika ndani ya unga. Aliufuata kwa macho bila hamu, akitegemea harusi nyingine. Uliandika PARCELLE HII. Mguu wa R ulitangulia mbele, mzuri kupita kiasi. Alipoona INAU inaanza alielewa. Aliudaka mkono kwa mkono wa kushoto, akauvuta chini, akaukalia kwa uzito wake wote, naye ni mwanamke mwenye uzito. Mkono uliendelea kuandika chini yake, polepole, kwenye udongo, mpaka ukamaliza. Aliponyanyuka maneno yalikuwa pale, yamebanwa kidogo mwishoni lakini yanasomeka: INAUZISHWA.

Alikwenda kwa Yannick bila kujipangusa unga. Yannick alikuwa anakunja kebo. Alikiri bila shida: ndiyo, papa Fabrice amechapisha kalikoti, kitambaa kirefu cha kutundika ukutani, akachagua mwenyewe fonti, akalipa, akaondoka.

"Miye niliona mukono yako, mama," akasema Yannick. "Nilizani ulishakubali."

Hakuwa mtu mbaya. Aliamini anachokiona kwenye skrini, na skrini ilikuwa na R.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mbao aliyehamia karibuni, na hakuwa na kosa pia. Alikuja akausoma ukuta, akauliza watu wawili watatu kama kweli huu ni mkono wa Mama Emerance, wakamwambia ndio wenyewe, akalipa. Hakuna aliyeuliza ni nani alishika mkebe. Mama Emerance alienda kwa chefu wa kartie, mkuu wa mtaa, akamweleza kwa mdomo kwamba kiwanja hakiuzwi. Chefu alimsikiliza kwa heshima. Alimwambia kwamba midomo mjini ni mingi, na ni yeye mwenyewe aliyewafundisha wasiamini midomo wala karatasi. Mkono wake umesema kinauzwa. Fabrice, aliyekuwa ameketi hapo akinywa soda ya chefu, aliongeza methali: asiyekuwepo na lake halipo. Tena alisema kwa upole kwamba mama asijisumbue, kwa kuwa kiwanja kimeuzwa katika roho ya upatanisho.

Ilibaki njia ya watumiaji. Mama Emerance aliketi mbele ya skrini ya Yannick, akamwamuru aandike neno kwa neno: "Mwenye mukono ni miye. Mutu ametumia lettre zangu kwa kuuzisha nyumba ya mudogo yangu. Zimeni hizi lettre." Programu ikakataa kupokea maoni yasiyo na nyota. Mama Emerance alisema hatoi hata moja. Programu haikuwa na nafasi ya hata moja. Ya chini kabisa ilikuwa moja. Wakaitoa. Jibu lilikuja kabla Yannick hajamaliza kutoa fotokopi ya mteja: Asante kwa maoni yako. Tunasikitika kwamba hukufurahia. Je, umejaribu kuzima na kuwasha tena?

Camille naye aliandika, kwa upande wake. Alisema ameumia sana, kwamba hakulala. Alisema herufi sasa ni za jamii, na yeye hana haki ya kuinyang'anya jamii. Alipendekeza semina.

Juu ya maoni ya Mama Emerance, kwenye ukurasa uleule, kulikuwa na ya Fabrice. Yeye alikuwa ametoa nyota tatu. Fonti ni nzuri, aliandika, inaaminika na wateja, ila neno la mwisho lilitoka limebanwa, kana kwamba limekaliwa na mtu. Huyu hakupewa asante tupu. Wenye programu walimjibu kwa jina lake: wameliona tatizo, ni kubwa, limewafikia mafundi, litarekebishwa katika toleo lijalo. Mama Emerance alimwomba Yannick alisome mara ya pili. Alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha, akaenda zake nyumbani.

Madeleine alirudi mwishoni mwa kiangazi, kwa lori la waliokubali kurudi kwa hiari, na godoro, na watoto waliokua wakazungumza lugha nyingine. Lori lilimshusha barabarani mbele ya nyumba yake. Kulikuwa na mbao zimepangwa uani na mtu asiyemjua akipiga mswaki mlangoni. Kalikoti ilikuwa bado inaning'inia. Aliisoma, akawaambia watoto wakae juu ya godoro, akatembea mpaka kwa dada yake.

Emerance alikuwa jikoni. Walikumbatiana kwanza, kwa muda, na Madeleine alinuka vumbi la njia nzima kutoka ziwani. Kisha akarudi nyuma hatua moja akamtazama yaya wake, dada yake mkubwa.

"Yaya, ile maandishi ya pale kwangu, ni mukono yako?"

"Ni mukono yangu, mudogo yangu. Lakini miye sikukuwako."

Madeleine aliutazama mkono. Wakati huo ulikuwa ukutani unaandika, kwa masizi ya sufuria, jina la kiwanda cha mvinyo. Aliungoja umalize, kwa sababu ni mtu wa adabu. Alisema ameelewa. Na kwa kweli alikuwa ameelewa, na Emerance alijua kuwa ameelewa, na aibu ilimuuma palepale kuliko kama angetukanwa. Watoto na godoro waliingia chumba cha mbele.

Wiki hiyohiyo Mama Emerance aliamua kutumia mkono wa kushoto. Hakuna aliyeuchukua, hakuna aliyewahi kuutaka. Alibeba ngazi mchana kweupe mpaka kwenye ukuta wa Madeleine, mfanyabiashara wa mbao akiwa kazini, akaita majirani. Wa upande wa juu alisema ana kikao cha kwaya. Wa upande wa chini alikuwa mpangaji mpya aliyetoka Komanda na hakuwahi kumwona Madeleine maishani mwake, na alilisema hilo kwa unyoofu, akafunga mlango. Basi Madeleine akaushika mkebe mwenyewe, kwa mikono miwili.

Iliwachukua mchana wote. Herufi za kushoto zilitoka nyembamba na zenye kuyumba, nyingine zimegeuka, na R ilisimama kwa mguu mmoja ikitafuta pa kuegemea. Rangi ilimwagika kwenye gauni la Madeleine. Watoto wa shule walisimama wakacheka, kisha wakaacha kucheka kwa sababu wale wanawake wawili hawakugeuka. Maneno yalisema PARCELLE HII HAIUZISHWI, na safari hii yalikuwa ya kweli kuliko yote aliyowahi kuandika, na Mama Emerance, aliyekuwa hajawahi kuionea haya kazi yake, aliona haya. Alimwambia mdogo wake ni mabaya. Madeleine akasema yanasomeka.

Yule wa mbao alipeleka mashtaka kabla ya jua kuzama. Kesho yake chefu wa kartie alikuja na Fabrice na watu wachache wa kamati. Walishusha kalikoti wakaitandaza chini ya yale maandishi, wakalinganisha herufi kwa herufi, wakipita na kidole. Hawakuwa na haraka. Walipomaliza chefu alisimama katikati ya barabara akatoa uamuzi.

"Mukono ya mama Emerance, batu bote banaijua," akasema. "Hii ya ukutani hapana yake. Kuna mutu anamuiga."

"Chef," akasema Mama Emerance, "mama Emerance ni miye."

"Ndiyo, mama. Njo maana tunakuchunga."

Watu walitikisa vichwa kukubali. Walikuwa hapo wengi ambao kuta zao ziliandikwa na yeye, ambao nyumba zao zilibaki zao kwa sababu alipanda ngazi juani, na walitikisa vichwa. Mmoja alinong'ona kwamba ni aibu sana, mtu kuharibu jina la mama wa watu namna hiyo. Fabrice alipendekeza ban kwa ajili ya chefu, ikapigwa. Mchana ukuta ukapakwa chokaa, na juu ya chokaa yule wa mbao akatundika jina la duka lake, lililochapwa kwa Yannick, kwa herufi za Amani ya Bunia. Wazembe wakubwa. Mtu aliyewafundisha kuona walimtumia kama miwani, wakamwambia haoni.

Toleo jipya lilifika mwezi uliofuata. Yannick aliona alama nyekundu kwenye programu, akabonyeza, akaendelea na kazi zake. Mama Emerance alikuwa nyumbani, ameketi mkekani na Madeleine wakichambua maharage. Mkono wa kuume ulinyooka wenyewe. Mikunjo ya viungo ikalainika, rangi iliyokaa chini ya kucha tangu ujana ikatoka, kisha likatoka na kovu la jembe lililokuwa juu ya kidole gumba. Kovu lile Madeleine ndiye aliyelitia, wakiwa watoto, siku waliyogombania hindi la kuchoma shambani kwa baba yao. Madeleine aliushika mkono akaupapasa mahali pale, akaugeuza, akapapasa tena. Hapakuwa na kitu. Hapo ndipo Mama Emerance alipolia, kwa mara ya kwanza katika jambo hili lote. Alilia kwa sauti, na Madeleine hakumwambia anyamaze.

Tangu siku hiyo mkono haukurudi tena kwake kula wala kusali. Haukuweza kukaliwa, akijaribu, unateleza. Ulifanya kazi mchana na usiku, kwa utulivu, bila harufu, naye Madeleine alimlisha dada yake tonge kwa tonge, akamfunga kitambaa, akamvalisha. Walizoea. Mgeni akija, Mama Emerance anamtolea kifundo cha kushoto, na mgeni anakishika, anauliza habari za watoto. Yuko mchoraji mwingine anayeandika kuta sasa. Haulizi majirani, na hakuna anayemlaumu.

Wakaenda pamoja kwa Yannick siku moja, kwa kuwa Madeleine alitaka kuyasikia hayo maoni kwa masikio yake. Yannick aliwapa benchi akafungua ukurasa wa toleo jipya, ambamo maoni ya zamani, na lile la nyota moja, hayakuwapo tena. Nyota zilikuwa tano, tano, tano, mpaka chini. Mmoja alisema tatizo la mchana limekwisha. Mmoja alisema sasa anaweza kuandika neno nyumba mara elfu na haliinami. Fabrice alikuwa amerudi kuongeza mbili zilizobaki, na shukrani. Mwanamke mmoja wa mbali, aliyeitumia kwenye kitabu cha watoto, aliandika kwamba hajawahi kuona herufi zenye joto namna hii. Ukizitazama, alisema, unahisi kabisa kwamba nyuma yake kuna mtu.

Mama Emerance alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa magotini, unaandika juu ya kitenge kitu kirefu kisicho na mwisho.

"Hakuna mwenye ameuliza juu ya nyumba?" akasema Madeleine.

Yannick alishuka na kipanya mpaka chini ya ukurasa, akapanda tena mpaka juu, bila kuruka. Akasema hakuna. Akawauliza kwa heshima kama kuna kingine, maana waliokuja kwa fotokopi walikuwa wamesimama muda mrefu.